Tundu la Sita

Kwa watu wa Kirongwe, Somoe binti Shaabani ni mwanamke wa kawaida kabisa, isipokuwa kwa jambo moja. Ana shamba la mihogo, ana minazi thelathini na saba, ana mikorosho michache ya kununulia nguo za Idi, na ana magoti yanayolalamika kila akiinuka. Ana pia ulimi, na huo haujawahi kulalamika kwa kukosa kazi. Jambo lenyewe ni bastola. Tena si kale kabastola ka kuficha mfukoni. Ni chuma kizito cha zamani, mtutu mrefu, mpini wa mti, na silinda mbili za kubadilishana.

Kisa chote kimekaa kwenye hizo silinda mbili, basi tuzieleze mapema tusije tukapotezana njiani. Silinda ni lile tumbo la bastola, gurudumu lenye matundu sita ambalo ndilo hubeba risasi. Bastola nyingi huzaliwa na tumbo moja na kufa nalo. Hii ilikuja na mawili. Moja ni la risasi fupi, zile za kawaida ambazo mtu mwenye karatasi zake huzipata Dar es Salaam. La pili ni la risasi ndefu, unene uleule lakini baruti maradufu, ambazo zikilia kunguru wa Kirongwe wanahamia kijiji cha Bweni. Unachomoa pini ya mbele, unatoa silinda hii, unatia ile, unarudisha pini, na mkononi una silaha nyingine. Halafu kila risasi lazima uikoki kwanza kwa kidole gumba, ndipo uvute triga. Mtu mwenye haraka haimfai.

Aliyeinunua ni Mfaume, mume wa Somoe, Mungu amrehemu. Aliinunua miaka mingi iliyopita, kwa karatasi zote na mihuri yote, kutoka kwa msimamizi wa shamba la minazi aliyekuwa akiondoka kisiwani kurudi kwao bara. Sababu yake ilikuwa nguruwe pori. Nguruwe pori wa upande ule hawana adabu. Wewe unalima kwa miezi tisa, yeye anakuja alfajiri moja na wanawe sita, anafukua mstari mzima, anakula nusu na kuitupa nusu. Na nyama yake hakuna Mwislamu wa kuigusa, kwa hiyo hata hasira zako huna pa kuzipika. Mfaume alipompiga mmoja, alimpigia simu Mwalimu Costantine wa shule ya msingi, mtu wa Songea, naye alifika na pikipiki, panga na mfuko wa sandarusi kabla Mfaume hajamaliza kusema haloo.

Mfaume alikuwa na wake wawili. Somoe alikuwa Kirongwe. Zuena, mdogo wake kwa miaka minane, alikuwa Ndagoni, akisuka mikeka ya ukili na kukaanga samaki. Mfaume alikaa siku tatu huku na siku tatu kule, na siku ya saba alisema ni ya mama yake, akaenda kulala huko. Watu hawakukosa la kusema. Walisema bastola imemfuata mwenyewe: mwili mmoja, matumbo mawili, yanakwenda kwa zamu. Mfaume mwenyewe alicheka kuliko wote. "Na zote mbili," alisema, "ukizitia kwa pupa zinakubana vidole."

Wake wenyewe hawakugombana, ila hawakupatana pia. Walisalimiana kama makarani wa ofisi mbili tofauti. Zuena alisema "Shikamoo, dada," Somoe akajibu "Marahaba, mwenzangu," na hapo mazungumzo yalifika mwisho wa reli. Somoe hakuwa na haja ya zaidi. Alikuwa na kitu ambacho Zuena hakuwa nacho, na kitu hicho kilimtosha.

Mfaume alikuwa amemfundisha kupiga bastola.

Ilikuwa siri, maana sheria haikumruhusu, na Mfaume alilijua hilo. Baada ya sala ya alfajiri waliteremka mpaka mwisho wa shamba, kwenye bonde lenye ukuta wa udongo, Mfaume akachomeka vijiti vitano na kuvivalisha vifuu vya nazi. Kisha akamkalisha Somoe juu ya gogo, akatia silinda ya risasi fupi, akafungua kilango cha pembeni. "Sikiliza," akasema. "Matundu sita, risasi tano. Tia moja. Ruka moja. Tia nne. Koki, halafu ishushe nyundo polepole kwa kidole. Nyundo italala juu ya tundu tupu, hata bastola ikikuponyoka ikaanguka, haitamuua mtu." Moja, ruka, nne. Somoe aliirudia mpaka ikawa wimbo wa kutwangia.

Siku ya tatu, baada ya kuvunja kifuu chake cha kwanza na kupiga vigelegele mpaka Mfaume akamziba mdomo, mume yule alimwonyesha lile tundu lisilo na kitu. "Hili la sita ni lako," akamwambia. "Nimekuachia wewe, chuma hiki kisije kikakudhuru. Na haya ya kupiga shabaha, mimi na wewe tu. Hata kule Ndagoni hawajui."

Hata kule Ndagoni hawajui! Somoe alirudi nyumbani siku ile akiwa haoni umande. Kwa miaka kumi na moja, kila Zuena alipopita na kanga mpya ambayo yeye hakununuliwa, Somoe alisema moyoni, moja, ruka, nne, na wivu ukakaa chini.

Kisha Mfaume akaugua, akalazwa, akafa wiki moja kabla ya Ramadhani. Wajane wakakaa eda, kila mmoja kwake. Na mambo ya urithi yakaangukia mikononi mwa Matano, kaka wa marehemu.

Matano ni mtu mwema, hilo lisemwe kwanza. Lakini ana ugonjwa wa haki. Huyu ndiye aliyewahi kumkata pweza mikono minane, akaigawa kwa watu watatu, akakosa usingizi kwa sababu ya ile miwili iliyobaki. Minazi na nyumba ziligawanywa kwa wenyewe kama dini inavyosema, na hapo palikuwa na sheikh wa kumwongoza. Ilipofika bastola, watoto wa kiume walioko Dar es Salaam walisema kwa simu kwamba hawaitaki, ina usumbufu. Basi ikabaki kwenye fungu la wajane, na wajane ni wawili, na sheikh ameshakwenda zake.

Matano aliiweka mezani, akaizunguka kama anayenunua mbuzi. Akaitoa silinda iliyokuwamo. Akaiweka kando ya mwenzake. Akaleta boksi mbili za risasi. Akafikiri. Silinda ya risasi ndefu ni ya thamani zaidi, akasema, basi anayeipata asipate risasi ndefu tena, itakuwa upendeleo. Akampa Somoe silinda fupi na risasi ndefu. Akampa Zuena silinda ndefu na risasi fupi. Mwili wa bastola, kwa kuwa haugawanyiki, akaufunga kwenye gazeti na kuupeleka polisi Kilindoni, kama raia mwema.

Penye miti hapana wajenzi. Somoe alijaribu kuitia risasi ndefu moja kwenye silinda yake pale kitandani. Ikakataa kuingia yote, ikabaki inachungulia kama mtoto dirishani.

Kule Kilindoni Matano alipokewa na Sajini Mathias, mtu wa bara, mpole, mwenye miwani ya kusomea na daftari la silaha. Alilifungua gazeti, akatazama, akatazama tena kwa upande wa pili.

"Mzee, tumbo lake liko wapi?"

"Limerithiwa, afande."

"Limerithiwa?"

"Yalikuwa mawili. Wajane nao wawili. Kila mmoja kachukua lake."

"Na risasi?"

"Nazo zimerithiwa. Kwa kupishana, asionekane mtu kapendelewa."

Sajini Mathias aliiweka kalamu chini, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Kisha akaandika barua, na barua ikapanda bodaboda mpaka Kirongwe, na nakala mpaka Ndagoni. Ilisema hivi kwa ufupi: eda ikiisha, tarehe ishirini ya mwezi uliofuata, vipande vyote viwe mezani kwake. Kikikosekana kimoja, ataandika silaha pungufu na itapelekwa kuteketezwa. Kisha, silaha ni ya jina moja tu. Uke wenza haupo kwenye daftari lake. Mjane atakayeomba jina hilo atapimwa mbele yake, risasi tano, vitu vitano, apate angalau vitatu.

Kuteketezwa! Somoe aliisoma barua hiyo amesimama katikati ya shamba, na pembeni yake mistari minne ya mihogo ilikuwa imegeuzwa usiku uliopita. Tangu Mfaume augue hapakuwa na mlio, na nguruwe walikuwa wamelijua hilo mapema kuliko watoto wa Dar es Salaam. Ukimalizika msimu huu bila silaha, hana mihogo. Asipokuwa na mihogo, atamtegemea mwana. Lakini ukweli wa Mungu ni kwamba mihogo haikuwa ndiyo iliyomsumbua zaidi. Bastola ile ikiyeyushwa, zile asubuhi za bondeni zilikuwa zinayeyuka nayo. Hakuwa na picha yao wala shahidi.

Eda ilipoisha akavaa baibui, akapanda bodaboda, akaenda Ndagoni.

Zuena alimkaribisha vizuri. Akamwekea mkeka mpya, akamletea chai ya tangawizi na samaki wa kukaanga, akakaa mbele yake, mikono ikiendelea na ukili wake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Somoe akasema shida yake. Zuena akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, juu ya karafuu kavu, ilikuwa silinda ndefu, inang'aa kwa mafuta.

"Nikikupa hii, dada, mimi nibaki na nini?" Zuena aliuliza, si kwa ukali. "Minazi wanayo watoto. Nyumba ya ukoo. Chake yeye kilichobaki mkononi mwangu ni hiki."

"Utabaki na risasi," alisema Somoe.

Wakatazamana. Nusura wacheke, lakini hawakuwa wamezoea, wakaacha.

"Wewe hujui hata inavyoingia," Somoe akaongeza, na mara tu yalipotoka alijua si maneno ya mtu aliyekuja kuomba.

Zuena akalifunika kopo. "Nitaileta mwenyewe. Tarehe ishirini. Nenda salama, dada."

Njia nzima Somoe alijitukana. Ulimi huu, alisema, ulimi huu Mungu aliniumbia wa nini? Dereva wa bodaboda akadhani anasemeshwa yeye, akapunguza mwendo.

Tarehe ishirini Mwalimu Costantine ndiye aliyempeleka Kilindoni kwa pikipiki yake, kwa hiari yake na mafuta yake. Alisema ni ujirani mwema. Somoe alijua ni mwaka mzima bila kitoweo. Alikuwa na silinda fupi na boksi la risasi ndefu ndani ya kikapu, chini ya embe, na sajini alikuwa anawangoja kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji, mahali penye ukuta wa udongo mrefu kama nyumba. Mwili wa bastola ulikuwa juu ya meza ya kukunja. Saa tatu ikafika. Saa tatu na nusu ikafika. Zuena hakuonekana.

"Mama, mimi nina kazi nyingine," alisema Sajini Mathias.

"Atakuja," alisema Somoe, na mwenyewe hakuamini. Aliona ile bastola ikiingizwa kwenye gunia pamoja na magobole na mapanga, ikipelekwa asikokujua. Akaanza kuhesabu mawe ili asilie mbele ya polisi.

Saa nne kasoro vumbi likatimka barabarani, na bodaboda ikaleta mwanamke mrefu mwenye kopo la maziwa ya unga kifuani. Pancha, Zuena alisema, huku akiweka silinda na risasi mezani. Shikamooni. Sajini akahesabu vipande, akaweka alama, alama, alama, akapumua. "Haya. Imetimia. Nani anaomba jina?"

"Mimi," alisema Somoe kabla hewa haijatulia.

Akatia silinda fupi. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Kilango, risasi, moja, ruka, nne. Akakoki, akashusha nyundo, akasimama mguu mmoja mbele. Costantine alikuwa amevalisha vifuu vitano kwenye vijiti. Somoe akasema bismillahi, akakoki, akavuta. Kifuu cha kwanza kikapasuka. Cha pili akakikosa. Cha tatu kikaruka. Cha nne, jasho likamwingia jichoni, akakikosa. Cha tano alikingoja mpaka mkono ukatulia, akakipasua katikati, na kama si heshima ya mahali angepiga vigelegele.

"Vitatu," alisema sajini. "Umefaulu. Umejifunzia wapi?"

"Kwa kutazama, afande."

"Kutazama."

"Marehemu alikuwa anarudia-rudia."

Costantine akapata kikohozi cha ghafla. Sajini akaiandika hiyo, kutazama, bila kuinua uso.

"Na mimi naomba kupimwa," alisema Zuena.

Wote wakageuka. Somoe alitabasamu, tabasamu la mtu mzima kwa mtoto anayetaka kubeba ndoo kubwa. Atajiumiza vidole, maskini, alijisemea. Sajini akaitazama barua yake mwenyewe, akaona imesema mjane atakayeomba, haikusema yupi, akainua mabega. "Haya, mama. Kwa uangalifu."

Costantine akavalisha vifuu vingine, na Zuena akaichukua bastola. Akafungua kilango, akachomoa pini huku macho yake yakiangalia vijiti, akaiangusha silinda fupi kiganjani, akatia ndefu, akaizungusha kidogo kwa kidole cha shahada mpaka ikakaa, akarudisha pini. Mikono yake hakuiangalia hata mara moja. Somoe akahisi masikio yanapata moto. Kisha Zuena akaanza kutia risasi, na midomo yake ikacheza, na upepo ulikuwa umekufa, na kila kitu kikasikika.

"Moja. Ruka. Nne."

Ule mlio! Kokoto zilitambaa ukutani. Kifuu cha kwanza hakikupasuka, kilitoweka. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu. Cha nne. Cha tano kilisalimika, ila kijiti chake kilikatika, kikalala chini na kifuu chake. Moshi ukapita. Zuena akashusha mtutu, akafungua kilango, akaanza kutoa maganda moja moja.

"Na wewe ulikuwa unatazama?" aliuliza Sajini Mathias.

"Ndiyo, afande. Mimi nilitazama kwa karibu."

Somoe hakungoja kusikia zaidi. Alizunguka nyuma ya lundo la kokoto, akakaa chini na baibui lake safi. Iliuma. Alikwisha kugawana mume, wali wake, siku zake, hata mahali pa kusimama siku ya maziko, na yote aliyabeba kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja kisichogawanywa. Sasa alihisi kafiwa upya, na safari hii hakuna wa kumletea pole. Miaka kumi na moja alikuwa akimwonea huruma mwanamke ambaye alikuwa akimwonea yeye huruma. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Mfaume ilikuwa imefika mbali sana.

Zuena akaja, akakaa karibu naye, si karibu mno. Alikuwa bado ameishika silinda fupi.

"Alikufundisha lini?" Somoe aliuliza, macho chini kwenye kokoto.

"Mwaka ule mnazi ulipoangukia jiko langu."

"Mwezi?"

"Mfungo tatu. Wewe?"

"Mfungo tatu," alisema Somoe. Akahesabu kwa vidole. "Kwangu aliondoka Jumatatu. Basi kwako alianza Jumanne."

"Jumanne alfajiri. Nikamwona kachoka, nikamhurumia."

"Kachoka kwa kunifundisha mimi!"

Hapo Zuena alicheka. Alijaribu kuzuia kwa mtandio, ikashindikana. Somoe alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, akajikuta anaona ile picha: mtu mzima, ndevu za mvi, anakimbia na bastola na gunia la vifuu kati ya Kirongwe na Ndagoni, anawaapisha wake zake zamu kwa zamu. Kicheko kikamtoka puani.

"Alikuambia, mimi na wewe tu?"

"Hata kule Kirongwe hawajui," alisema Zuena, kwa sauti ileile ya Mfaume, na wote wawili wakainama.

Walipotulia, Somoe aliuliza lile ambalo hakutaka kuuliza. "Na tundu la sita?"

"Alisema ni langu. Ameniachia mimi, kisije kikanidhuru."

"Si unaona?" Macho ya Somoe yakajaa tena. "Hilo nalo! Mengine ningemsamehe. Tundu moja anawapa watu wawili? Hilo ni la mtu mmoja, Zuena. Tundu moja haligawanyiki."

Zuena alikifungua kiganja. Silinda fupi ikakaa pale, na matundu yake sita, jua limeingia ndani yake.

"Hii, dada, mimi sijawahi kuigusa mpaka leo. Aliniambia ina kasoro, inakosesha shabaha. Ile ndefu, wewe umewahi kuipiga?"

"Hata siku moja. Alisema itanivunja mkono."

"Basi silinda ni mbili," alisema Zuena. "Matundu matupu mawili. Lako limo humu, langu limo kule. Kwa mengine alitudanganya, na Mungu atamuuliza. Kwa hilo hakudanganya mtu."

Akaiweka silinda mikononi mwa Somoe na kumfumba vidole. Somoe, mwenye ulimi ule, alikaa na chuma chenye joto mapajani, akalia vizuri, kilio cha kushiba, na Zuena akamngoja amalize.

Waliporudi mezani, Sajini Mathias alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari mtupu. "Mmoja kapata vitatu, mwingine vinne na kijiti. Jina?"

"Andika Somoe Shaabani," alisema Zuena. "Nguruwe wako kwake. Kwangu hakuna, kuna paka tu."

"Na silinda zote mbili ziandikwe pamoja," alisema Somoe. "Zisigawanywe tena. Hasa na shemeji."

Karatasi zilichukua miezi miwili, kama karatasi zote, na Costantine alizifuatilia kwa bidii ambayo angeipeleka kwa wanafunzi, shule ingeshika namba moja mkoani. Siku bastola ilipofika Kirongwe, Zuena alifika jioni yake na mkeka wake na kopo la karafuu. Alisema amekuja siku tatu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini tatu.

Alfajiri, baada ya kusali, waliteremka bondeni kwa miguu, Somoe mbele na silaha, Zuena nyuma na chupa ya chai. Mwenye jina ndiye anayepiga, hivyo ndivyo sajini alivyosema. Hakusema lolote juu ya anayekaa nyuma na kukosoa. Asubuhi ile ya kwanza Somoe alitia silinda ndefu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nguruwe dume akatokea, mkubwa kama kabati. Somoe akavuta, bastola ikamrusha mkono mpaka juu ya kichwa, na aliyepigwa alikuwa papai. Nguruwe akaondoka bila hata haraka.

"Umeibana kama shingo ya kuku," alisema Zuena, akimimina chai. "Ishike kama unavyoshika mtoto anayeoga. Ataruka, mwache aruke, usimwangushe."

"Hivyo ndivyo alivyokuambia?"

"Hapana. Hivyo najua mwenyewe."

Asubuhi ya pili walikaa palepale juu ya gogo, kanga mbili zimewafunika magoti. Giza lilikuwa linapauka, na chini ya bonde kitu kilikuwa kinafukua, polepole, kwa raha zake. Kijijini Mwalimu Costantine alikuwa ameshanoa panga, hilo halina shaka. Somoe akafungua kilango; silinda iliyokuwamo ilikuwa ileile ndefu.

"Moja," akanong'ona, akatia.

"Ruka," alisema Zuena.

Somoe alisimamisha kidole juu ya lile tundu. Kwa miaka yote ile aliliruka kama linavyorukwa. Leo alilitazama kwanza. "Hili lako," akasema.

Akatia nne. Akakoki, akaishusha nyundo kwa kidole gumba, taratibu, mpaka ikalala juu ya tundu la Zuena. Kisha wakakaa kimya, bega kwa bega, kumngoja nguruwe asogee.